Babu Yako Hakukumbuka Ng'ombe

Mwanangu Tumpe,

Salamu za nyumbani sikuandikii, maana bado uko nyumbani. Nakusikia hapo uani, mama yako anakusuka na wewe unalalamika kwamba anavuta. Amekuvuta nywele tangu una miaka mitatu, na leo hataacha. Mimi nimejifungia chumbani. Nimemwambia naandaa somo la Jumapili, Mungu anisamehe, na huo ni uongo mdogo ukilinganisha na ule ninaotaka kukuandikia.

Juu ya safari yako ya kesho kwenda Iringa sina la kuongeza. Blanketi, viazi vya kuchemsha, kukaa karibu na dereva kwa sababu ya vumbi, kushuka Ipogolo na kumngoja mke wa mchungaji wa Kihesa atakayekupokea, yote hayo mama yako ameshayasema mara nne, na kabla jua halijazama atayasema ya tano. Mimi nina jambo moja tu. Hata katika maungamo nililizunguka kama mtu anayezunguka dimbwi ili asichafue viatu.

Unakumbuka Jumapili, baada ya chakula, ulipotusomea zile kurasa zilizopigwa chapa. Yule bibi mtafiti utakayemfanyia kazi Iringa alikupa uzisome, ili ujue watu wa kazi hiyo wanavyoandika, kisha na wewe uende ukawaulize wanawake wa Kihehe habari za maisha yao. Ulisoma kwa Kiingereza, ukatugeuzia. Ukatufundisha na neno lao, utamaduni, kwamba ni yale yote ambayo mtu hazaliwi nayo bali anayapata kwa kuishi na wenzake: namna ya kula, ya kuoa, ya kuzika, hata ya kusalimu. Nilikutazama nikasema moyoni, huyu ndiye niliyemvusha mto Kiwira begani, leo ananifundisha maneno. Furaha ilinijaa mpaka nikaomba chai ya pili ambayo sikuitaka.

Halafu ukafika panapotuhusu. Kwamba kwetu Rungwe, hapo kale, mke hakuruhusiwa kuonana na baba mkwe wake, wala kula naye, wala kukaa naye chini ya paa moja. Na kwamba kati ya Wakristo mila hiyo imekwisha kufa, kama alivyoshuhudia kijana mmoja Mkristo, mtoa habari wa kuaminika. Ukaweka karatasi chini. "Kumbe, baba, ilikufa hata kabla sijazaliwa!"

Mama yako alikuwa mlangoni na sufuria. Alicheka, akatoka. Ulidhani amecheka kwa ajili ya matamshi yako.

Tumpe, kijana huyo wa kuaminika ni mimi. Na mila hiyo haikuwa imekufa. Ilikuwa hai nyumbani kwangu mwenyewe, tena ikila ugali.

Wewe umekulia hapa Mbeya, kati ya Wasafwa na watu wa kila kabila, na babu yako alifariki ungali unanyonya, kwa hiyo hukuiona. Ningeweza kunyamaza nikafa nayo. Lakini kesho unaondoka na karatasi hizo mkobani, ukidhani ndivyo kazi inavyofanywa. Na juzi nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwamba umekwisha mweleza yule bibi habari za baba yako, mzee wa kanisa, mtu asiyejua kusema uongo.

Basi sikiliza ilivyokuwa.

Kabla ya vita ya Hitla alikuja kwetu Mzungu mmoja mrefu, mwembamba. Hakuwa wa misheni, hakuwa wa serikali. Hakutafuta dhahabu kama wale wa Chunya, wala hakununua kahawa. Alikuja kuuliza. Watu walimwita Bwana Kwanini, maana ndilo neno alilolijua kuliko maneno yote. Alitaka mkalimani. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nne, nimebatizwa, nimeoa mwaka huohuo, na nina viatu. Katika mtaa wetu wenye viatu tulikuwa wawili, na yule mwingine alikuwa mgonjwa.

Nilijiona mkubwa, mwanangu. Nilitembea nyuma ya Bwana nikiwa nimebeba daftari lake kifuani kama mtoto mchanga. Na nilikuwa na imani moja iliyonitangulia kila mahali: kwamba mila ni ya wale ambao hawajabatizwa. Sisi tulikuwa tumeiacha kisimani tulipobatiziwa, pamoja na majina ya zamani. Siku moja tumetoka kanisani, Bwana akaniuliza:

"Ambakisye, kwa nini wanaume mnakaa kulia na wanawake kushoto?"

"Ndivyo tunavyokaa, Bwana."

"Kwa nini?"

"Ni utaratibu."

"Basi ni mila yenu."

"Hapana, Bwana. Wapagani ndio wenye mila. Sisi tuna utaratibu."

Akaandika huku anatabasamu. Nilidhani nimemfundisha.

Babu yako hakumwogopa kama wengine walivyomwogopa. Bwana alipokwenda kumwuliza, babu naye alimwuliza. Anakula na nani? Kwa nini anakula peke yake, amegombana na nani? Mbwa wake anaitwa kwa jina la nani? Siku alipoulizwa kwa mara ya kumi habari za wakwe, babu aliweka chini kiko chake akasema nimtafsirie: "Na huyu, kwao, mama wa mke wake akija anafanyaje?"

Bwana Kwanini akawa mwekundu. Akasema mama mkwe wake akija, yeye huwa na kazi nyingi sana bustanini.

"Hata mvua ikinyesha?" akauliza babu.

"Hata mvua ikinyesha."

Babu alicheka akapiga paja. "Mwambie basi ni mtu. Nilikuwa na mashaka."

Sasa nikueleze walivyoishi, babu yako na mama yako. Kwa lugha yetu jambo hilo linaitwa kutiila, na Kiswahili hakina neno lake moja, maana ni kuogopa na kuheshimu kwa pumzi ileile. Babu alikuwa akija kwetu karibu kila siku. Akifika penye kona ya migomba anakohoa. Mama yako, akisikia tu, anaweka kigoda barazani, anaweka bakuli la maziwa mgando na ndizi zilizochomwa, kisha anaingia jikoni nyuma ya ukuta wa mianzi. Babu anakaa. Hawaonani. Hawasemezani. Lakini kuku walikuwepo.

"Ninyi kuku," babu anasema kwa sauti, "mwambieni mwenye nyumba ndizi za jana zilikuwa tamu. Chumvi tu ndiyo ilisahaulika njiani."

Na kutoka jikoni: "Kuku, mwambieni mgeni chumvi haikusahaulika. Mwana wake ndiye aliyesahau kuinunua, alikuwa anabeba daftari."

"Kuku, mwambieni nimesikia, nami nasikitika, mwana huyo nilimzaa mwenyewe."

Kisha babu anapasua kuni zake mbili tatu, nzito, zile ambazo mwanamke hawezi, anaziegemeza ukutani, anakohoa tena, anakwenda. Hivyo kila siku. Wewe ukisoma haya labda umekwisha cheka. Mimi nilikuwa naona aibu. Niliona baba yangu mzee anaongea na kuku kama mtu aliyerukwa na akili, na mke wangu aliyebatizwa anajificha kama mwizi, nami ni mkalimani wa Bwana. Sikuona kwamba watu wawili wanapendana mbele yangu.

Ndipo Bwana akaniuliza moja kwa moja. "Na kwako, Ambakisye? Mkeo na baba yako?"

"Kwangu hakuna mambo hayo, Bwana. Yamekufa."

"Wanakaa pamoja?"

"Wanakaa. Njoo kesho unywe chai, utaona."

Neno likitoka mdomoni kwa fahari, mwanangu, haliangalii nyuma. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako: kesho baba akiwa barazani na Bwana, utatoka na birika, utamsalimu, utammiminia. Mama yako alikuwa anamenya ndizi. Akamaliza ndizi zote, akaosha kisu, akasema, "Haya." Mimi nikachukua hilo "haya" nikalala nalo kama nimeshinda vita. Babu sikumwambia kitu.

Kesho yake Bwana alikaa kwenye kiti, babu kwenye kigoda chake, ana shuka begani na kikombe cha bati mkononi, anasimulia habari za ng'ombe mmoja aliyezaa mapacha. Mimi nikapiga makofi. Mama yako akatoka jikoni, birika mkononi, kitambaa cheupe kichwani, akafika hatua tatu mbele ya babu, akapiga magoti, akasema kwa sauti iliyo wazi, "Mugonile, tata," yaani umeamkaje, baba.

Babu yako wakati ule alikuwa mtu wa magoti mabovu. Sijui magoti mapya aliyatoa wapi. Alijifunika shuka mpaka kichwani, kigoda kikaruka huku, mzee akaruka kule, akapita katikati ya mikahawa bila kuona mbele, akavuka kijito, na tukaiona ile shuka inapanda mlima wa pili kama mwavuli unaopeperushwa. Kikombe hakukiacha. Alikimbia nacho, chai na yote.

Bwana Kwanini alishika kalamu hewani. "Amekwenda wapi?"

Mwanangu, hapo ndipo ningesema kweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Na mimi nikasema, "Amekumbuka ng'ombe wake, Bwana."

Akanitazama kwa muda. Nadhani alijua. Lakini alikuwa ameniajiri nimwambie, nami nilikuwa nimemwambia. Akaandika. Haya uliyoyasoma Jumapili yametoka katika kalamu ile, na mpaka leo yanasomwa na watu ambao hawajawahi kuona mgomba.

Baba yangu hakuja kwetu masika yote. Kona ya migomba ikakaa kimya. Nilikwenda kumwomba radhi nikiwa bila viatu, nimeviacha nyumbani makusudi. Aliniacha nikae muda mrefu, kisha akasema, "Mimi magoti yangu yamepona, angalau umeniponya. Lakini yule binti ulimtoa mbele ya mgeni kama mbuzi wa maonyesho." Miezi michache baadaye, asubuhi moja, tukasikia mtu anakohoa penye kona. Mama yako alikimbia na kigoda mpaka akajikwaa. Nilikaa ndani nikawasikiliza wale kuku wanavyotumwa huku na huku, nikatoa machozi, na sikumweleza mtu kwa nini.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Bwana Kwanini alipenda kusema mila za watu ni kama nyumba, ukiondoa nguzo moja paa zima linalegea. Mimi nilidhani ni kama nguo, unavua moja unavaa nyingine. Sasa ninapozeeka naona sote wawili hatukumtazama vizuri babu yako. Maana nani alimfundisha kusema na kuku? Nimewauliza wazee wengi, hakuna aliyewahi kusikia kitu kama hicho. Alikibuni mwenyewe. Alipokea heshima kutoka kwa baba zake, akaiona ina ukuta katikati, akatoboa dirisha dogo la kupitisha maneno, na ukuta ukabaki umesimama. Hilo dirisha halimo katika karatasi zako. Hakuna aliyeliuliza, na mimi niliyeliona kila siku niliona aibu kulitaja.

Basi ukifika kwa wale mama wa Kihehe, mmoja wao atakuambia, "Sisi siku hizi hatufanyi hivyo." Atakuwa amevaa vizuri kwa ajili yako, na pengine mumewe amemwambia aseme hivyo. Usimbishie. Andika, kisha kaa. Msaidie kuchambua mboga. Tazama mtu fulani akifika yeye anatokea mlango gani. Mtu wa kwanza kukujibu kwa ufasaha, hasa kama ana viatu, mpende lakini usimalizie kwake. Nakuambia hivyo kwa sababu namjua mtu huyo ndani na nje.

Na wakikuuliza wewe, jibu. Watataka kujua kwa nini msichana mkubwa hajaolewa na anazunguka na kalamu. Watacheka Kiswahili chako cha Mbeya. Wacha wacheke. Babu yako alimjua Bwana Kwanini ni mtu siku ile tu alipojibu habari za mama mkwe wake, na kuanzia hapo ndipo alipoanza kumwambia mambo yenye uzito.

Nilikuwa na hofu nyingine, naiandika ili iishe. Nilipoomba asubuhi ya Jumatatu nilijiuliza kama kukutuma kazi hii ni kukutuma urudi nyuma, kwa mambo tuliyoyaacha. Nimeona si hivyo. Mungu hakuona haya kukaa kati ya watu na desturi zao. Mimi ndiye niliyeona haya.

Sasa ombi langu. Ukifika, mpe yule bibi barua hii aisome, au umsomee. Mwambie yule mtoa habari wa kuaminika ni baba yako, na kwamba alidanganya. Najua itakuwa ngumu, umekwisha nisifu. Atakutazama, na kwa siku mbili tatu atapima kila neno lako mara mbili. Vumilia. Ni afadhali apime maneno yako sasa, kuliko wewe kujenga juu ya yangu maisha yako yote.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini ulipotoka kwenda kuwaaga majirani nilimwita mama yako nikamsomea yote, neno kwa neno, maana humo nimemtaja na hajui kusoma. Alikaa kitandani akiwa bado na mafuta ya nywele mikononi. Alicheka penye magoti ya babu mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko. Halafu akasema:

"Baba Tumpe, umekosea mahali."

"Wapi?"

"Hapo nilipotolewa kama mbuzi. Nani alinitoa?"

"Mimi. Nilikulazimisha."

"Wewe!" Akanitazama kama anavyomtazama mchuuzi wa samaki wabovu. "Lini umenilazimisha kitu nikakifanya? Nilikuwa mwaka mzima nampikia mtu nisiyemjua sura. Nasikia sauti yake tu. Najua anapenda nini, najua goti lipi linamwuma, sura siijui. Uliponiambia nitoke na birika, nilimenya zile ndizi zote nikifikiri. Nikasema, Mungu ameniletea sababu na lawama itakuwa yako. Nikatoka."

"Ukamwona?"

"Nilimwona. Kabla hajajifunika."

"Alikuwaje?"

"Alitabasamu," akasema mama yako. "Alitabasamu kwanza. Halafu ndipo akakumbuka kwamba anatakiwa akimbie."

Nilikaa na kalamu mkononi kama Bwana Kwanini. Miaka ishirini nimebeba dhambi ya kumwaibisha mwanamke ambaye siku ile alikuwa na sherehe yake.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Umewauliza watu wote wa Rungwe, wazee kwa vijana. Mimi nilikuwa jikoni kwako."

"Na kama ulitaka kumwona, mbona baada ya hapo ukarudi kujificha, miaka yote mpaka akafa?"

Akasimama, akajipangusa mikono. "Hilo ni la wanawake," akasema. "Tumpe akitaka kulijua, ataniuliza yeye."

Niliyoyaandika juu siyafuti. Yaache yasimame na haya ya mama yako chini yake, na yule bibi ayasome yote mawili.

Kesho kwenye kituo cha mabasi mtakuwa na muda kabla mizigo haijapandishwa. Muulize. Mimi nitajifanya nazungumza na dereva habari za matairi, na nitasimama mbali vya kutosha nisisikie jibu.

Ni mimi baba yako anayekufurahia,
Ambakisye